Sungura amepona, ngozi ya mwanao je?

Ukiingia kwenye duka la vipodozi hapa mjini Bariadi, au ukipita kwenye meza za wachuuzi siku ya mnada, chukua chupa moja ya losheni uigeuze nyuma. Kwenye baadhi ya chupa utaona picha ndogo ya sungura na maneno ya Kiingereza yanayosema bidhaa hiyo haikujaribiwa kwa wanyama. Wazazi huniuliza maana yake. Wengi wanaichukulia kama cheti cha usalama: kama haikumdhuru sungura, haitamdhuru mtoto.

Sivyo ilivyo. Alama hiyo inakwambia kwamba hakuna sungura aliyeteswa. Haikwambii kilichomo ndani ya chupa.

Leo nataka tuzungumze kuhusu sheria zilizoileta alama hiyo. Naamini Tanzania nayo inazihitaji. Ila naamini pia kwamba tukichukua nusu ya sheria hizo na kuiacha nusu nyingine, atakayeumia ni mtoto wako, maana nusu inayosahaulika ndiyo inayomlinda yeye.

Sungura aliingiaje kwenye habari hii?

Mwaka 1933 nchini Marekani iliuzwa rangi ya kupaka kope na nyusi iliyoitwa Lash Lure. Haikupimwa na mtu yeyote kabla ya kuingia sokoni, kwa sababu hakuna sheria iliyomtaka mtengenezaji afanye hivyo. Wanawake waliumia vibaya machoni, akiwamo aliyepofuka, na mwingine alifariki kwa maambukizi yaliyofuata. Ndani ya rangi hiyo kulikuwa na kemikali iitwayo parafenilenidiamini, kwa kifupi PPD.

Usidhani hiyo ni hadithi ya mbali. PPD ndiyo inayopatikana kwenye rangi nyingi nyeusi za nywele, na ndiyo inayoifanya piko ikolee haraka inapochorwa mikononi mwa bibi harusi. Mtu ambaye mwili wake umeikataa huvimba uso na macho, au hutoka malengelenge yanayofuata mchoro ule ule wa maua aliochorwa.

Baada ya mikasa kama ile, Marekani ilipitisha sheria ya vyakula, dawa na vipodozi mwaka 1938. Watengenezaji wakaanza kutafuta namna ya kuonyesha kwamba bidhaa zao hazidhuru. Mwaka 1944 mwanasayansi John Draize na wenzake walichapisha njia ya kupima: sungura hutiwa kemikali kwenye jicho moja, la pili huachwa kwa kulinganisha, kisha jicho huangaliwa kwa siku kadhaa kuona kama limewasha, limetoka vidonda au limeharibika. Ngozi yake nayo ilinyolewa na kupakwa. Njia hiyo ilitumika duniani kote kwa miongo mingi.

Kwa hiyo sungura aliingizwa maabara ili binadamu asiwe wa kwanza kuumia. Nia ilikuwa njema. Mateso nayo yalikuwa ya kweli, na si kwa ajili ya chanjo ya surua au dawa ya malaria. Yalikuwa kwa ajili ya wanja na shampuu.

Sheria zilivyobadilika

Mwaka 1980 mwanaharakati Henry Spira alichapisha tangazo la ukurasa mzima katika gazeti la New York Times, akiihoji kampuni ya Revlon kuhusu macho ya sungura. Tangazo hilo liliamsha watu. Kampuni zikaanza kutoa fedha ili wanasayansi watafute njia nyingine za kupima. Uingereza iliacha kuruhusu majaribio ya vipodozi kwa wanyama mwaka 1998. Umoja wa Ulaya ulikwenda hatua kwa hatua: mwaka 2004 ulikataza kujaribu bidhaa iliyokamilika, mwaka 2009 ukakataza kujaribu viambato vyake, na tarehe 11 Machi 2013 ukafunga mlango kabisa kwa kukataza hata kuuza kipodozi kilichojaribiwa kwa wanyama nje ya Ulaya. India ilikataza majaribio hayo, na mwaka 2014 ikakataza pia kuingiza vipodozi vilivyopitia njia hiyo.

Je, Wazungu walibaki bila kupima? Hapana, na hapa ndipo penye somo. Sheria hizo zilikataza njia moja ya kupima. Hazikufuta wajibu wa kupima. Chini ya kanuni za Ulaya, kila kipodozi lazima kiwe na faili la usalama lililotayarishwa na mtaalamu, lenye orodha ya kila kiambato na sababu za kuamini kwamba hakitamdhuru mtumiaji. Bila faili hilo bidhaa haiuzwi.

Na njia mpya zipo. Maabara hukuza tabaka la ngozi ya binadamu kutokana na chembe za ngozi zilizobaki baada ya upasuaji, kisha huipaka kemikali na kuangalia kama chembe hizo zinakufa. Kwa jicho kuna njia ambayo sisi wafugaji wa Simiyu tutaielewa haraka: huchukuliwa jicho la ng'ombe aliyekwisha chinjwa machinjioni, lile ambalo lingetupwa, na huangaliwa kama kioo chake kinapoteza uangavu kikiguswa na kemikali. Njia hiyo ilipitishwa katika miongozo ya kimataifa ya OECD mwaka 2009, na ile ya ngozi ya maabara mwaka 2010. Hakuna mnyama anayechinjwa kwa ajili yake. Tena jicho la sungura lina kope ya tatu na hutoa machozi machache kuliko letu, kwa hiyo majibu yake hayakuwa kipimo kamili cha binadamu hata zamani.

Pale ambapo hapakuwa na sungura

Sasa turudi Afrika Mashariki. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, taarifa ya wagonjwa 60 waliokuwa na ugonjwa wa figo unaofanya protini ivuje kwenye mkojo na mwili uvimbe. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Baadhi walipoacha krimu hizo, ugonjwa uliondoka.

Fikiria maana yake. Madhara ya zebaki kwa figo yalikwisha kujulikana, na krimu ziliuzwa hivyo hivyo. Hapakuwa na maabara iliyomnyoa sungura kuzithibitisha kwa ajili ya wanawake wa Nairobi. Jaribio lilifanyika hata hivyo, na waliojaribiwa walikuwa wao. Tofauti ni kwamba maabara huweka kumbukumbu, lakini mwanamke aliyevimba miguu kijijini hakuandikwa na mtu.

Hiyo ndiyo hoja yangu leo. Kipodozi kisichopimwa kabla ya kuuzwa hupimwa baada ya kuuzwa, juu ya ngozi ya mnunuzi. Tunapozungumzia kumwondoa sungura, tuhakikishe hatumweki mtoto wa Lagangabilili au mjamzito wa Mwanhuzi mahali pake.

Nchi yetu imefika wapi?

Tusijidharau. Tanzania ilitunga Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi mwaka 2003, iliyounda TFDA, na viambato kama zebaki, haidrokwinoni na steroidi vikapigwa marufuku kwenye vipodozi. Mwaka 2019 kazi ya kusimamia chakula na vipodozi ilihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, na TFDA ikabadilika kuwa TMDA, inayoshughulika na dawa na vifaa tiba. Tunayo pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo inatambua kwamba mnyama anasikia maumivu na inakataza kumtesa bila sababu.

Kimataifa, tumeridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, mwaka 2020. Mkataba huo ulikataza kutengeneza, kuingiza na kusafirisha nje vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni. Mwaka 2023 nchi wanachama walikubaliana kukifuta hata kiwango hicho kidogo, ili ifikapo mwaka 2025 kipodozi chochote kilichowekwa zebaki kiwe kimeondolewa.

Kwa hiyo karatasi tunazo. Lakini mkorogo bado unachanganywa kwenye vikopo visivyo na jina na kuuzwa mchana kweupe, kwa sababu kutoka bandarini au mpakani hadi kwenye meza ya mnadani ni safari ndefu, na njiani wakaguzi ni wachache. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mkorogo hutembezwa hadi mlangoni kwako.

Ningependa kuona mambo matatu. La kwanza, sheria yetu iseme wazi kwamba hakuna mnyama atakayetumika kujaribu kipodozi nchini. Haitatugharimu kitu, maana viambato vya kawaida vimekwisha chunguzwa kwa miaka mingi na njia nyingine zipo. La pili, sheria hiyo hiyo imlazimishe kila mwingizaji na mtengenezaji kuwa na ushahidi wa usalama wa kila kiambato, na kiambato kisicho na ushahidi kibaki nje. La tatu, ukaguzi ushuke hadi mnadani. Kuna vifaa vya mkononi vinavyotumia miale ya eksirei kutambua zebaki kwenye krimu kwa muda mfupi, bila mnyama na bila kusubiri majibu kwa wiki. Kifaa kimoja kikizunguka Bariadi, Lamadi, Maswa na Nyashimo siku za mnada kitafanya kazi kuliko semina kumi.

"Daktari, watu wanakosa dawa, wewe unazungumzia sungura?"

Najua swali hili litakuja, na ni la haki. Jibu langu la kwanza ni kwamba sizungumzii sungura peke yake. Nchi inayomtaka mfanyabiashara athibitishe bidhaa yake bila kumtesa mnyama inamlazimisha kuijua bidhaa hiyo kwa undani. Anayejua kilichomo kwenye kopo lake hawezi kudai baadaye kwamba hakujua kuna zebaki.

Jibu la pili: vipodozi si anasa tu. Sabuni ya kumwogeshea mtoto, mafuta ya mgando, dawa ya meno na shampuu vyote vimo. Mwenye ualbino anahitaji mafuta ya kukinga jua kila siku ya maisha yake, la sivyo saratani ya ngozi humpata akiwa bado kijana. Hapa nchini mafuta hayo, yaitwayo Kilisun, hutengenezwa KCMC mjini Moshi. Kitu kinachopakwa kila siku kwa miaka lazima tukijue.

Wapo pia wanaohofia kwamba masharti haya yatawaua wajasiriamali wadogo, akina mama wanaotengeneza sabuni ya maji na mafuta ya nywele hapa kwetu. Sioni hivyo. Anayetumia viambato vinavyojulikana hahitaji kumjaribu mnyama wala mtu. Anahitaji kujua alichoweka na kipimo chake, kukiandika kwenye lebo, na kupitia SIDO kwenda TBS. Anayeumizwa na sheria ya namna hii ni yule asiyetaka uone alichoweka.

Na niwe mkweli kuhusu mipaka ya sayansi. Kwa maswali ya kuwasha ngozi na macho, njia mpya zimetosheleza kwa sehemu kubwa. Kwa maswali mazito zaidi, kama kiambato kipya kikitumika miaka mingi kitaathirije mimba au ini, mbadala kamili haujapatikana. Kwangu mimi jibu ni rahisi: kama hatuna uhakika, kiambato hicho kisubiri. Hakuna aliyekufa kwa kukosa losheni mpya.

Dawa na chanjo ni habari nyingine. Hizo bado hupitia majaribio kwa wanyama kabla ya kufika kwa binadamu, kwa sababu uzito wa ugonjwa ni tofauti na uzito wa urembo. Tafadhali usimnyime mtoto chanjo kwa sababu uliona picha ya sungura kwenye losheni ukadhani kila kilichojaribiwa kwa mnyama ni kibaya.

Wewe mzazi ufanye nini?

Wakati tunasubiri sheria na wakaguzi, yapo ya kufanya nyumbani.

Soma lebo kabla ya kununua. Kama hakuna jina la mtengenezaji, orodha ya viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi, rudisha. Maneno "mercury", "mercuric", "mercurous", "calomel" na "mercurio" yote yanamaanisha zebaki. "Hydroquinone" ni haidrokwinoni, ambayo ikitumika muda mrefu huweza kuacha weusi wa samawati usoni ulio mgumu sana kutibu. "Clobetasol" na "betamethasone" ni steroidi. Onyo kwamba krimu isiguse dhahabu au fedha ni dalili nyingine ya zebaki. Na kopo lisilo na maandishi kabisa ndilo la kuogopa kuliko yote, hata likiwa limetoka kwa shoga yako.

Usimpake mtoto mchanga krimu ya steroidi kwa upele wa nepi bila kuandikiwa na mtaalamu. Ngozi yake ni nyembamba, na nepi huifunika dawa ikapenya zaidi. Mtoto huweza kuvimba uso, kunenepa isivyo kawaida na kushindwa kupambana na maambukizi. Usimtie wanja machoni pia. Wanja wa asili unaosagwa kutokana na jiwe mara nyingi huwa na risasi, madini yanayodhuru ubongo unaokua.

Jua kwamba zebaki haibaki kwa aliyejipaka. Inatoka kwenye ngozi kama mvuke, inashika taulo na shuka, na mtoto anayebebwa mgongoni au kulala kifuani anaivuta na kuigusa. Hupita pia kwenye kondo la nyuma na kwenye maziwa ya mama. Mtoto anayekuwa mkali bila sababu, asiyelala, mwenye viganja na nyayo nyekundu zinazobanduka, au anayetetemeka, apelekwe hospitali, na mama aseme kila kinachopakwa na watu wa nyumba ile.

Ukiwa mjamzito na unatumia krimu ya kung'arisha, mwambie mkunga siku ya kliniki. Kuvimba miguu na kuwa na protini kwenye mkojo ni dalili za kifafa cha mimba, ugonjwa unaoua, na figo zilizoharibiwa na zebaki huweza kutoa dalili zinazofanana. Mkunga hawezi kukisia unachopaka. Hatakucheka. Kama umepangiwa upasuaji pia, sema: ngozi iliyokonda kwa steroidi huchelewa kupona, na kidonda huweza kuachia.

Kama umetumia krimu yenye steroidi kwa muda mrefu, onana na daktari ili akuelekeze namna ya kuiacha, maana ukikatisha ghafla ngozi huweza kuwaka na kuwasha sana. Krimu yenye zebaki iache leo hii. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki, usiichome moto wala usiimwage chooni, uipeleke kwa afisa afya wa kata yako na umwambie ulikoinunua.

Kabla ya kupaka rangi ya nywele, paka kidogo ndani ya mkono chini ya kiwiko na usubiri siku mbili. Ukiwashwa au kuvimba, usiitumie. Na usimchore mtoto piko nyeusi, hata kama ni sikukuu. Hina halisi hutoa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, na huchukua saa kadhaa kukolea. Ukiambiwa ni hina halafu ikawa nyeusi tii kwa muda mfupi, jua imeongezwa kitu.

Na mara nyingine utakapokutana na picha ya sungura kwenye chupa, furahi kwa ajili ya sungura, kisha endelea kusoma lebo hadi mwisho. Siku ukija kliniki kwa tatizo la ngozi, njoo na kopo lenyewe, hata kama limeisha. Tutaanzia hapo.